Kaza Mpaka Ilie

Marahaba. Najua wengine hamjaniamkia bado, lakini naitikia kabisa ili tusipoteze muda, maana mstaafu akishaanza kusimulia kazi yake huwa hana breki. Naitwa Kokushubira. Kule karakanani Mabatini waliniita Nshomile, na mpaka leo nikipita pale kuna watu wananisalimia kwa jina hilo bila kulijua lile la ubatizo.

Mwezi uliopita, mlipokuja ninyi vijana wa karakana kunijulia hali hapa nyumbani Mkolani, mmoja wenu aliniuliza kwa nini holda za karakana yetu zina mistari miwili midogo, mmoja shingoni mwake na mwenzake kwenye kisu, wakati holda mpya ya dukani haina. Nikawaambia kunyweni chai kwanza. Mkanywa chai, mkamaliza ndizi zangu, mkasahau swali. Mimi sikusahau. Nimekaa nikaandika.

Kwa yule ambaye hajawahi kusimama mbele ya lethi, nieleze kidogo. Lethi ni mashine inayozungusha kipande cha chuma, na kisu kikikigusa kile chuma kinatoka maganda kama kiazi. Kisu hakishikwi kwa mkono, labda uwe umechoka kuwa na vidole. Kinashikwa na holda. Visu ninavyovisema mimi ni vile vidogo vyenye kichwa kigumu na mkia wa nyuzi kama mkia wa bolti. Unauingiza mkia kwenye tundu la holda, unazungusha, kichwa kinakaa, unaanza kazi. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kukifunga. Kukifunga ili kisicheze, kisikatike wala kisimrukie mtu usoni, huko ndiko kulikonila miaka.

Nilipofika karakanani nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu nimekitia kwenye bahasha ya plastiki. Mwenye karakana alikuwa Mzee Jayanti, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Mwanza na anayejua Kisukuma kuliko nitakavyokijua mimi mpaka naingia kaburini. Hakuangalia cheti. Aliangalia kucha zangu.

"Hizi utakata wewe au ikate mashine?"

Nikazikata mchana ule ule, kwa mkasi wa karani. Ndipo akanikabidhi kwa fundi Masalu.

Fundi Masalu alikuwa mtu wa Kisesa, mrefu, mpole, na mwendo wake wa taratibu ungekufanya umsukume kama hukuwa na adabu. Herufi ya ere hakuwa nayo kabisa, aliiacha huko huko kwao. Aliniuliza kama ninaijua lethi. Nikamjibu, "Nimesoma." Karakana nzima ikaangua kicheko. Mnajua sisi Wahaya tunavyotaniwa kwa usomi wetu; na mtu wa kwetu akitaka kusema nimesoma, kwa Kihaya anasema "nshomile". Basi nikawa Nshomile kuanzia saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, na sikupata nafasi ya kukata rufaa.

Kosa langu la kwanza lilitokana na Kiswahili, wala si hesabu. Masalu alikuwa ananionyesha namna ya kufunga kisu. Akakizungusha kwa mkono mpaka kikagusa, akanipa spana, akasema, "Endelea. Kulia kwake ndio mwisho wake." Kisha akaenda kunywa maji. Mimi, msomi, nikaelewa kwamba kisu kinafungwa upande wa kulia, na kwamba huko kulia ndiko mwisho uliko. Nikazungusha kulia. Nikazungusha tena kulia. Mwisho nikauona kweli, kwa sababu kisu kilikatika shingo na mimi nikaenda na spana mpaka chini.

Masalu alirudi akanikuta nimekaa sakafuni nimeshika kichwa cha kisu.

"Hukusikia kikilia?"

"Kilie nini, mzee?"

Ndipo nilipojua kwamba alimaanisha kulia kwa machozi, siyo kulia kwa mkono wa chakula. Kisu chenye mkia wa nyuzi kina bega, ule ukingo chini ya kichwa. Ukikikaza, bega linafika kwenye uso wa holda na kulalia. Vyuma viwili vikavu vikibanana hivyo huwa vinatoa mlio mwembamba, kwii, mfupi sana. Huo mlio ndio mwisho. Ukiacha kabla, kisu kinacheza. Ukiendelea baada yake, unavuta shingo, na shingo iliyovutwa haikwambii kitu pale pale. Inakungoja uwe katikati ya kazi ya watu ndipo ikatike. "Kaza mpaka ilie," akasema Masalu, "halafu muogope Mungu."

Tangu siku hiyo, kila alipofunga kisu na mimi nikiwa pembeni yake, alikuwa ananigeukia na kuuliza, "Imelia?" Nami najibu, "Imelia, mzee," au "Bado." Nikikosea ananitazama tu, ananiacha nione aibu mwenyewe. Miaka tuliyosimama pamoja nilijibu swali hilo mara nyingi kuliko nilivyosema Baba Yetu. Nilijivuna sana. Nilisema moyoni, tazama huyu mzee anavyonipika, hachoki kunipima.

Sasa nije kwenye holda zenyewe, maana ndizo mlizozitaka.

Holda zetu za zamani zilikuwa mbaya. Nasema hivyo kwa heshima zote. Zilikuwa na tundu lenye nyuzi na basi, kana kwamba nyuzi peke yake zinaweza kukiweka kisu katikati. Haziwezi, vijana wangu. Nyuzi kazi yake ni kuvuta. Kukaa sawa ni kazi ya bega. Nyuzi siku zote huwa na nafasi kidogo, usipoziachia nafasi haziingii. Na nafasi hiyo ndogo inatosha kukifanya kisu kitembee kikiwa kinakata, na ukipima tundu lako unakuta lina umbo la yai. Niliposema hayo kwa mara ya kwanza Masalu aliniambia, "Basi tengeneza yako, Nshomile." Alidhani nitanyamaza.

Nikachukua kipande cha ekseli ya lori iliyokufa, chuma kizuri ambacho kimeshaonewa na barabara na hakijapinda, nikakereza holda yangu. Mwanzoni mwa tundu niliacha sehemu laini isiyo na nyuzi, ya kukipokea kisu na kukiweka katikati. Mwisho wa nyuzi nikachimba kijimfereji, kwa sababu pasipokuwa na kijimfereji nyuzi za mwisho zinakuwa nusu nusu na bega halifiki chini. Uso wa holda nikaunyoosha mpaka nikauona uso wangu. Halafu nikafunga kisu, nikakata, kikatetemeka kuliko kwenye zile za zamani.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikatoa lipstiki yangu kwenye mkoba, ile nyekundu ya Jumapili, nikaupaka uso wa holda, nikafunga kisu na kukifungua. Bega lilikuwa jekundu upande mmoja tu. Yaani lilikuwa linagusa upande mmoja na kuning'inia upande wa pili. Uso niliodhani umenyooka ulikuwa umelala kidogo. Nikausawazisha, nikapaka tena, nikasawazisha, mpaka wekundu ukazunguka duara zima. Kisu kikatulia. Nikawapigia meza wote waje kuona.

Kuanzia hapo lipstiki ikawa kifaa cha karakana. Mafundi wote wanaume walikuwa na lipstiki vidoleni, na mafundi mnavyowajua, wanafuta vidole popote. Wiki haikwisha tukamwona mke wa Masalu, Mama Ng'washi, anaingia getini na shati la mumewe mkononi. Kolani kulikuwa na alama nyekundu ya vidole viwili. Hakusalimia mtu.

"Nani hapa anayepaka hii rangi?"

Wanaume kumi wakaninyooshea kidole mimi. Sikuwahi kufungua kisu haraka namna ile. Nilimwonyesha holda, nikamwonyesha bega, nikampaka mume wake lipstiki mbele yake ili aelewe, kitu ambacho nadhani hakikusaidia. Mwishowe Mzee Jayanti akatoka ofisini akiwa na lipstiki kwenye ndevu, mama akacheka mpaka akakaa. Tukahamia wino wa mhuri. Nanyi tumieni wino wa mhuri.

Kitu kingine kabla sijasahau: kabla hujawasha, hakikisha mashine inazunguka upande unaokikaza kisu. Mafundi wa umeme walikuja siku moja wakabadilisha nyaya, wakaziunga kinyume, lethi moja ikawa inazunguka nyuma. Ukiitazama huoni tofauti, inazunguka tu. Kisu kikaanza kujifungua chenyewe taratibu, na Deo, fundi wa jiwe la kunolea, akawa anasema, "Nshomile, holda yako inataga." Ilitaga kweli, kisu kikaanguka kwenye sinia ya mafuta. Tangu siku ile nikawa nachonga mshale kwenye kila holda. Karani alinishauri niandike KAZA KULIA. Nikamwambia neno hilo lilishanivunjia kisu kimoja na halitanivunjia cha pili.

Basi, holda zangu zikakubalika. Mzee Jayanti akanunua lethi nyingine, si mpya ila nzima, akaiweka upande wa pili wa karakana karibu na mlango mkubwa, akanipa mimi. Nilihama kutoka pembeni ya Masalu. Nilipanda cheo, nikanunua viatu.

Hapo ndipo visu vya Masalu vilipoanza kukatika.

Cha kwanza tulisema ni bahati mbaya. Cha pili kilikatika ndani ya kazi ya watu wa kiwanda cha samaki, kikalikwaruza tundu lote. Cha tatu kichwa kiliruka, kikapita karibu na sikio la Deo na kutoboa kalenda ya ukutani. Deo aliitazama ile kalenda, akaizima mashine yake, akaenda nje kukaa. Sikulala vizuri wiki ile, kwa sababu holda iliyokuwa kwenye mashine ya Masalu ilikuwa yangu. Kwenye mashine yangu visu havikatiki. Kwake vinakatika. Nikamtengenezea holda mpya, kisu kikakatika. Nikanenepesha uso, nikapunguza kina cha nyuzi, nikabadilisha chuma. Visu vikakatika. Watu wakaanza kusema maneno: ya Nshomile ni mazuri kwenye karatasi.

Asubuhi moja Mzee Jayanti alinivuta kando. Uso wake haukuwa wa matani.

"Kuna boti ya Ukerewe imepandishwa nchi kavu. Bushi ya shafti imekwisha, tunakereza mpya. Shaba ni hiyo moja tu, nyingine sina. Masalu ndiye anajua kazi hii kuliko sisi wote, nitampa. Lakini kisu kikikatika tena, dada, namhamishia stoo. Si kwa kumdharau. Safari hii kalenda, safari ijayo kichwa cha mtu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema stoo huwekwa vitu ambavyo havitumiki."

Nikarudi kwenye mashine yangu. Huyu ndiye aliyenifundisha kusimama, kushika, kunyamaza. Kama kosa lilikuwa kwenye holda yangu, basi ni mimi ninayempeleka stoo. Ilinichoma sana. Nikaamua saa ya chai siendi kunywa chai. Nitakwenda kusimama nyuma yake nimwangalie anavyofunga, hatua kwa hatua, kama siku ya kwanza.

Alikuwa ameinama anafunga kisu kwa kazi ndogo. Hakujua kama nipo. Akakizungusha kwa mkono, akashika spana, akavuta. Kikalia. Kwii. Nilikisikia nikiwa hatua nne nyuma yake. Nikangoja aache.

Hakuacha. Akavuta tena. Halafu akageukia kushoto, mahali nilipokuwa nasimama mimi miaka yote ile, na sasa palikuwa wazi mpaka kwenye jiwe la kunolea, akapaza sauti:

"Imelia?"

Deo, ambaye amejaza pamba masikioni na mbele yake jiwe linapiga kelele, alimwona mzee anamtazama. Akamwinulia kidole gumba kwa furaha. Hakuwa amesikia lolote. Lakini gumba lenyewe lilichelewa, na Masalu alikuwa ameendelea kuvuta akilingoja.

Niliondoka kimya nikaenda nyuma ya karakana kwenye mapipa, nikalia. Kulia kwa machozi, safari hii sikukosea neno. Miaka yote ile nilidhani mzee ananipima. Kumbe alikuwa ananiuliza. Mashine zilikuwa zimemla masikio kidogo kidogo, na yeye, badala ya kusema, akayaazima yangu. Mimi nikanunua viatu nikaondoka nayo.

Sasa mtasema, si ungemwambia tu Mzee Jayanti? Ningemwambia, angefanya nini? Angempa pole na kumpeleka stoo siku hiyo hiyo, kwa huruma. Kumwambia Masalu mwenyewe nako sikuthubutu. Mtu aliyeficha jambo kwa adabu namna ile huwezi kumvua nguo mchana. Nikasema hapana. Mimi ni mtengeneza holda. Kama holda inataka masikio, tatizo ni la holda.

Nilikuwa na siku mbili kabla kazi ya bushi, ile pete ya kushikia shafti, haijaanza. Nikachukua visu vyote vya karakana, kutoka sandukuni na kwenye droo zote, nikaviweka mezani. Nikamwomba Deo azime jiwe. Halafu nikavifunga kimoja kimoja kwenye holda, vikavu, nikikaza taratibu na sikio karibu. Kikilia, naacha. Pale pale, bila kukigusa tena, nachora mstari mwembamba kwa sindano ya chuma: nusu kwenye shingo ya holda, nusu kwenye kichwa cha kisu. Nafungua, naandika namba ya holda juu ya kisu, nachukua kingine. Kila kisu nyuzi zake zinaanzia mahali pake, kwa hiyo mstari wa hiki haufai kwa kile, na ndiyo maana mnakuta visu vyetu vina namba na kila kimoja kina holda yake. Watu wa dukani hawawezi kuwauzia hiyo. Hawajakisikiliza kisu chenu.

Nilipomaliza, masikio yangu yalikuwa kwenye chuma. Mtu yeyote akikaza mpaka mistari miwili ikutane, amefika pale nilipofika mimi nikisikia. Halafu nikafanya jambo la pili, ambalo watu walilishangaa: nikayapaka mabega yote grisi nyembamba, ili kisu kisilie kabisa. Kwa mtu yeyote. Niliona kwamba kama kingelia, wenye masikio wangeendelea kusikiliza na Masalu peke yake angekuwa anatazama, na siku moja mtu angeuliza kwa nini. Na jambo la tatu, nikazikata spana zote mkia zikawa fupi, ili hata mtu mwenye mkono wa ng'ombe asiweze kuvuta kupita kiasi. Mafundi walinilaani kwa ajili ya zile spana. Bado wananilaani, nawasikia.

Nikawaita wote. Nikasema holda hizi ni za aina mpya, hazilii, hakuna kusikiliza, tazama mstari. Deo akauliza hii ni sayansi ya wapi. Nikamwambia mimi nimesoma. Wakacheka, nikashukuru kwamba walicheka.

Masalu hakucheka. Aliichukua holda, akaizungusha kwenye mwanga wa mlango, akapitisha ukucha juu ya mstari. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, "Haya," akaenda kwenye mashine yake.

Siku ya bushi, Mzee Jayanti alisimama pale mikono nyuma. Watu wa boti nao walikuwepo, wawili, wamekaa kwenye kreti za soda. Masalu akafunga ile shaba, akachukua kisu, akakizungusha kwa mkono. Akashika spana fupi. Akavuta, mistari ikasogeleana, akavuta kidogo tena, ikakutana. Akaacha. Nilimwona shingo yake ikianza kugeuka kushoto kwa mazoea, kisha ikarudi. Hakuuliza kitu.

Akawasha. Maganda ya shaba yakaanza kutoka, ya manjano, mafupi, yanarukaruka vizuri kwenye sinia. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kitambaa, nakikamua kana kwamba kina maji. Kisu kikaingia ndani ya tundu mahali ambapo huwezi kukiona, ni kusikiliza au kuomba. Mimi niliomba. Kikatoka. Kikaingia tena mara ya mwisho, taratibu, kikatoka kizima. Masalu akazima, akapima, akapima tena, akamkabidhi Mzee Jayanti bushi. Mzee akaingiza kipimo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akawaambia watu wa boti, "Chukueni mwende mkalale kwenu." Neno la stoo halikutajwa tena karakanani mpaka Masalu alipostaafu kwa miguu yake mwenyewe.

Jioni ile, kabla hatujafunga, alikuja kwenye mashine yangu. Akasimama upande wa kulia kwangu, karibu.

"Nshomile. Umezipaka glisi ili zisilie."

"Ndiyo, mzee."

"Makusudi."

"Makusudi."

Akafuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, kwa taratibu ile ya kwao ya Kisesa.

"Nani alikufundisha hivyo?"

Nilitaka kumwambia ni wewe. Badala yake nikasema lile nililokuwa nalo, "Nshomile, mzee." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mashine, mpaka Deo akatoa pamba masikioni aulize kuna nini, na hatukumwambia. Hakuwahi kulizungumza tena, na mimi sikumuuliza. Yuko Kisesa mpaka leo, anafuga. Nikienda kumsalimia napiga kelele "Shikamoo!" mpaka ng'ombe wanageuka, naye anaitikia kwa sauti ya chini kabisa, marahaba, kana kwamba mwenye matatizo ni mimi.

Basi hayo ndiyo ya mistari miwili. Mkiviona visu vipya, visikilizeni kwanza vikiwa vikavu ndipo mchore. Mistari ikipitana kwa upana wa ukucha, bega limekwisha, kisu hicho kitupeni. Futeni uso wa holda kabla ya kufunga. Chembe moja ya chuma chini ya bega inatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Sasa mnazo mashine za kompyuta na mnachora kwenye simu, nami nazishangaa kwa dhati, lakini nimeona kwamba hata hizo kisu kinafungwa na mtu.

Nimalizie na la wiki iliyopita. Nilipita karakanani kuwasalimia. Neema, yule fundi wenu mwenye kilemba, alikuwa na visu vipya mezani, ndiyo kwanza anavisikiliza ili avichore. Nikasimama pembeni yake, upande wa kushoto. Akakaza kisu. Nilimwona mkono ukisimama, nikainamisha sikio, nikangoja ule mlio ninaoujua kuliko sauti za wanangu. Karakana ilikuwa kimya. Nikangoja.

"Imelia?" nikamuuliza.

Alisimama wima, mikono ubavuni, kama yuko mbele ya mtahini. "Imelia, bibi!" Wenzake wakamtazama kwa wivu, kwamba bibi Nshomile amemchagua yeye kumpima.

Nilimpongeza. Nikamwacha aamini hivyo, alifurahi sana. Lakini ninyi nawaambia, na mpelekeeni na yeye habari: nikija tena nikauliza, msisimame wima. Nijibuni tu, na mpaze sauti.